Kadi ya grafiki ya zamani isihukumiwe kwenye kompyuta mpya peke yake

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie hukumu moja inayotolewa kwa wepesi mno katika maduka na vibanda vya kutengeneza kompyuta hapa Mombasa. Mteja hununua kompyuta ya mezani iliyo mpya kuliko ile aliyokuwa nayo, akahamishia humo kadi yake ya grafiki, yaani ile inayochora picha za skrini, ya miaka kumi au zaidi, akawasha, feni zikazunguka na skrini ikabaki nyeusi. Fundi naye, bila kupima lolote zaidi ya kuichomoa na kuichomeka tena, humwambia kwamba kadi imekufa. Mteja hununua nyingine, na ile ya kwanza huishia kwenye gunia la vyuma chakavu ilhali mara nyingi haikuwa na ugonjwa wowote. Mimi mwenyewe ni fundi, kazi hii naifanya Majengo, na haya ninayoyaandika nayaelekeza kwanza kwa mafundi wenzangu, kisha kwa wauzaji, na mwisho kwa wenye kompyuta, ambao ndio walipaji.

Hoja yangu ni kwamba kadi ya zamani inapokataa kuonyesha picha katika kompyuta mpya, lawama isianzie kwenye kadi. Ichomekwe kwanza katika kompyuta ya rika lake, iliyokwisha kujulikana kuwa ni nzima. Ikionyesha picha huko, basi kilichopo ni kutoelewana baina ya vifaa viwili vizima, na kutoelewana huko kuna sababu zinazojulikana na ambazo nyingi zina tiba. Jaribio hili huchukua muda mfupi kuliko ule unaopotezwa kubishana na mteja kuhusu bei ya kadi nyingine, na linanishangaza kila ninapoona fundi hana hata kasha moja la zamani la kujaribia.

Jambo hili limezidi uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa masasisho yake ya kawaida. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, kwa sehemu kubwa inadai prosesa za kuanzia kizazi cha nane cha Intel au Ryzen za AMD za mfululizo wa 2000, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo wako watu wanaobadilisha kompyuta kwa sababu ya programu wala si kwa sababu mashine zao zimechoka, na kadi zao za grafiki wanabaki nazo kwa kuwa bado zinafanya kazi waliyozinunulia: wahariri wa video za harusi, wachoraji wa ramani za nyumba, vijana wa gemu, na walimu wanaotayarisha masomo yenye picha nyingi. Hawa si mabahili. Ni watu wanaotumia walichonacho.

Nakiri, hata hivyo, kwamba si kila kadi inastahili kuhangaikiwa. GeForce 210 ya Nvidia ya mwaka 2009, ambayo bado naiona ikiuzwa kwa maneno matamu ya kwamba ina gigabaiti moja ya kumbukumbu, haiifikii grafiki iliyomo ndani ya prosesa nyingi za miaka ya karibuni, na mwenye nayo atafaidika zaidi akichomeka monita yake moja kwa moja kwenye bodi kuu ya kompyuta mpya na kuisahau kadi hiyo. Wingi wa kumbukumbu si kipimo cha nguvu ya kadi, ingawa ndicho kipimo pekee kinachotajwa madukani.

Sasa niingie katika sababu zenyewe. Kadi zilizotengenezwa kwa sloti (tundu la bodi la kuchomekea kadi) ya AGP, ambayo Intel iliileta mwaka 1997, haziingii kabisa katika bodi za leo, na hapo hakuna mjadala. Zile za PCI Express ni habari nyingine. Mfumo huo ulitangazwa mwaka 2003, toleo lake la pili likaja 2007, la tatu 2010, la nne 2017 na la tano 2019, na kila toleo liliandikwa kwa sharti la kuyapokea yaliyotangulia. Kadi ya toleo la pili ikichomekwa katika sloti ya toleo la nne, pande mbili hupimana wakati wa kuwaka, kisha hukubaliana kwenda kwa mwendo wa ile iliyo nyuma. Kwa hiyo anayemwambia mteja kwamba sloti ya kompyuta yake ni ya kadi mpya tu anamdanganya, ingawa pengine hajui kama anadanganya. Mara chache mapatano hayo hushindikana, hasa pale kadi ya kale inapokutana na bodi mpya kabisa, na dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya bodi na kuiwekea sloti kasi ya Gen 2 au Gen 3 kwa mkono badala ya kuiacha kwenye Auto.

Chanzo kikubwa zaidi kimo katika kitambo kile kifupi baada ya kubonyeza kitufe cha kuwasha na kabla ya Windows kuamka. Wakati huo hakuna draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, iliyokwisha kupakiwa, kwa hiyo bodi haina njia ya kuchora hata herufi moja ila kwa kuisoma programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu ya kadi yenyewe. Kwa miaka mingi programu hiyo iliandikwa kwa utaratibu wa BIOS, ule uliorithiwa kutoka kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Bodi za leo zinafuata utaratibu mwingine uitwao UEFI, na utaratibu huu unaitaka kadi iwe na kipande cha programu kinachojulikana kwa herufi GOP. Kadi nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2012 hazina kipande hicho, kwani msukumo wa kukiweka ulikuja na Windows 8, iliyotoka Oktoba mwaka huo. Zile za 2012 na 2013 ni mchanganyiko: kadi ya jina lile lile, mtengenezaji mmoja alikiweka na mwingine hakukiweka. Kadi isiyo na GOP mbele ya bodi ya UEFI tupu ni kama mgeni anayebisha hodi kwa lugha asiyoijua bawabu. Mgeni ni mzima, mlango ni mzima, na bado hafunguliwi.

Watengenezaji wa bodi waliliona tatizo hili mapema, wakaweka ndani ya UEFI sehemu ya kufasiri utaratibu wa kale, ambayo kwenye menyu huandikwa CSM. Ikiwa imewashwa, kadi ya mwaka 2010 huonyesha picha bila wasiwasi. Lakini mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuuondoa msaada huo wa kale kufikia 2020, na ijapokuwa haukuondoka kila mahali kwa tarehe hiyo, bodi nyingi za miaka ya karibuni hutoka kiwandani CSM ikiwa imezimwa, na nyingine hazina kabisa. Kompyuta zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, ambazo ndizo nyingi sokoni kwetu, karibu zote hufika zikiwa zimewekwa kwenye UEFI na Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kuwaka, kwa sababu hivyo ndivyo Windows yake ilivyosakinishwa. Mteja anayeondoka na mashine kama hiyo dukani hana habari yoyote ya jambo hili, na muuzaji hana haja ya kumwambia.

Dalili zake fundi makini huzitambua. Feni za kadi huzunguka kama kawaida. Bodi yenye taa ndogo za uchunguzi huwasha ile iliyoandikwa VGA na kubaki nayo, au spika hulia ile milio ya kulalamikia kadi. Bodi nyingine hazisimami hapo, bali huendelea gizani mpaka Windows iipakie draiva, na picha ikatokea ghafla mahali ambapo mtu alikwisha kukata tamaa. Mwenye mashine husema kompyuta yake inachelewa kuonyesha. Picha ikitokea, hata kwa kuchelewa namna hiyo, kadi haijafa, na fundi anayesema imekufa baada ya kuiona picha hiyo hafai kuaminiwa na kadi nyingine yoyote.

Tiba ni kuiwasha CSM, na ugumu wake ni kwamba mtu hawezi kubadilisha mipangilio asiyoiona. Ikiwa prosesa ina grafiki yake ya ndani, kadi ichomolewe, monita iunganishwe na tundu la bodi, kisha fundi aingie kwenye mipangilio kwa kitufe cha Delete au F2. Ikiwa prosesa haina, hapana budi kuazima kadi mpya zaidi kwa kazi hiyo. Katika bodi nyingi CSM haikubali kuwashwa mpaka Secure Boot izimwe kwanza, na katika baadhi yake kuna mstari wa pekee unaohusu programu ya video ya kadi, ambao huwa umewekwa UEFI na unatakiwa ubadilishwe kuwa Legacy, yaani utaratibu wa kale. Baada ya hapo mipangilio ihifadhiwe, mashine izimwe na kuchomolewa umeme, ndipo kadi ya zamani irudishwe mahali pake. Diski iachwe iendelee kuwaka kwa njia ya UEFI kama ilivyokuwa, kwa maana Windows iliyosakinishwa kwa njia hiyo haiwaki kwa njia ya kale, na fundi anayegeuza kila kitu kuwa Legacy kwa pupa huunda tatizo la pili akadhani ni lile la kwanza.

Kabla ya kuigusa Secure Boot, mwenye mashine aulizwe kama diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, na kama anayo ile namba ya tarakimu 48 ya kuifungulia. Mabadiliko haya yanaweza kuifanya Windows iidai namba hiyo ikiwaka tena, na asiyekuwa nayo hataziona faili zake. Hili nalisisitiza kwa sababu kadi ya grafiki hununulika tena, lakini picha za harusi ya mtu na hesabu za biashara yake hazinunuliki. Aelezwe pia kwamba kuna baadhi ya michezo ya mtandaoni isiyokubali kufunguka kwenye Windows 11 Secure Boot ikiwa imezimwa. Mwenye mashine ndiye achague.

Hapa nitasema jambo ambalo katika mji wetu linafanya tiba hii ionekane kama kiinimacho. Mipangilio ya bodi hutunzwa kwa betri ndogo ya mviringo ya CR2032, yenye volti tatu, na kompyuta iliyokaa miaka mingi ofisini ng'ambo kabla ya kupakiwa kontena huja na betri iliyokwisha au iliyo karibu kwisha. Mradi mashine imechomekwa kwenye umeme, betri hiyo haiulizwi kitu. Stima ikipotea usiku, au mwenye mashine akizima swichi ya ukutani kama tulivyozoea, baadhi ya bodi husahau kila kitu na kurudi kwenye hali ya kiwandani, CSM ikiwa imezimwa. Asubuhi skrini ni nyeusi, na mteja anarudi kwa fundi akisema kadi imekufa tena. Fundi asiyejua hubahatisha kwa dawa yake ya siku zote, yaani kuitoa betri na kuirudisha ili kusafisha mipangilio, na kwa kitendo hicho huhakikisha kwamba CSM imezimika kweli kweli. Betri mpya ni kitu cha bei ndogo sana. Mimi huibadilisha katika kila mashine ya aina hii kabla ya kuikabidhi, na ninamwandikia mwenyewe kwenye karatasi ni mistari gani ya menyu niliyoibadilisha.

Kwa bodi zisizo na CSM kabisa bado kuna njia, ingawa ni nyembamba. Grafiki ya ndani ya prosesa inaweza kufanywa ndiyo ya kwanza, mashine ikawaka kwa hiyo, na kadi ya zamani ikaachiwa Windows iiamshe kwa draiva. Mara nyingi hukubali. Wako pia watengenezaji wa kadi waliotoa programu mpya yenye GOP kwa baadhi ya kadi zao za kipindi kile cha 2012 na 2013, lakini kuiandika upya chipu ya kadi ni kazi ambayo umeme ukikatika katikati yake kadi huharibika kweli, na sioni kwa nini mtu aifanye bila ya UPS iliyopimwa. Na ipo hali inayofanana na hii isiyohusiana nayo: kadi za GeForce za vizazi vya Maxwell na Pascal zikiunganishwa kwa kebo ya DisplayPort na monita za viwango vya 1.3 na 1.4 ziliweza kubaki gizani mpaka Windows iwake, na Nvidia ilitoa mwaka 2018 programu ya kulirekebisha hilo. Anayekuta giza kwenye DisplayPort ajaribu HDMI au DVI kabla ya kwenda mbali.

Nimeikalia sababu moja kwa muda mrefu kwa kuwa ndiyo isiyojulikana sana. Ya umeme inajulikana, lakini haiheshimiwi. Sloti ya kadi hutoa wati 75 na si zaidi. Waya wa pini sita huongeza wati 75, na wa pini nane wati 150. GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014, inayokula wati 60, hutosheka na sloti peke yake katika matoleo yake mengi, na ndiyo sababu bado inapendwa na wenye kompyuta ndogo za ofisini. GTX 580 ya mwaka 2010 inakula wati 244 na inadai waya zote mbili. Kuitia katika kasha ambalo pawasaplai yake, yaani kifaa cha kugawa umeme, ilipangiwa prosesa na diski moja, bila waya wowote wa kadi, ni kuomba giza. Ubaya ni kwamba badala ya kumwambia mteja ukweli huo, baadhi yetu hutafuta adapta. Adapta inayotoa umeme kwenye kichwa cha SATA haifai kwa kadi, kwa kuwa kichwa hicho kwenye volti 12 kimepangiwa wati 54 tu, na nimeshika mikononi vichwa vilivyoyeyuka. Vile vile waya wa pini nane wa prosesa usilazimishwe kuingia kwenye kadi kwa kuwa tu unafanana: safu ya volti 12 na safu ya ardhi zimepishana, na anayefaulu kuusukuma hadi ndani anaiunguza kadi au pawasaplai kwa mkono wake mwenyewe.

Kuhusu kebo nitasema kwa ufupi. Kadi ikishachomekwa, monita iunganishwe na kadi, si na tundu la bodi. Na asiyeona picha kwenye tundu la bodi asiseme bodi ni mbovu kabla ya kulisoma jina la prosesa: zile za Intel zinazoishia na herufi F hazina grafiki ya ndani, na Ryzen za mezani zilizotangulia mfululizo wa 7000 wa mwaka 2022 kwa kawaida hazina isipokuwa zenye herufi G.

Picha ikishapatikana huja suala la draiva, na hapa wenye mashine huumizwa na haraka yao wenyewe. Nvidia iliacha kutoa draiva mpya za kawaida kwa kadi za Fermi, ambazo ni nyingi za mfululizo wa GeForce 400 na 500, mwaka 2018. Kwa za Kepler, nyingi za mfululizo wa 600 na 700, mwaka 2021. Na kwa za Maxwell na Pascal, zikiwemo za mfululizo wa 900 na 1000, Oktoba 2025, zikabakishiwa masasisho ya usalama. AMD nayo iliziweka kando Radeon HD 5000 na 6000 mwaka 2015, kisha HD 7000 pamoja na nyingi za R9 200 na 300 mwezi Juni 2021. Kuacha kutoa mpya si kuziondoa za zamani. Draiva ya mwisho ya kila kizazi hubaki kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na hiyo ndiyo ya kutafuta, kwa jina kamili la kadi. Mtu asipakue ile ya karibuni kabisa akashangaa inapomwambia haikuona kifaa kinachofaa, wala asisakinishe zile programu zinazojitangaza kuwa zitamtafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, ambazo mara nyingi huleta na matangazo na takataka nyingine. Kama kompyuta ilikuwa na kadi nyingine, mabaki ya draiva yake yaondolewe kwanza Windows ikiwa katika hali salama. Windows inapoonyesha jina la Microsoft Basic Display Adapter mahali pa jina la kadi, maana yake ni kwamba picha inachorwa bila draiva ya kadi, na uzito wa mashine wakati huo hauhusiani na uzee wa kadi. Wenye kutumia Linux wana nafuu kidogo, kwa sababu draiva ya nouveau huja pamoja na mfumo na huzitambua kadi nyingi za kale za Nvidia, ijapokuwa kwa gemu nzito haitoshi.

Draiva inapokataa kabisa ilhali kila kitu kimefuatwa, kadi yenyewe ishukiwe, lakini si kwa kifo. Zimeuzwa duniani kadi za Fermi zilizoandikwa upya chipu zake ili zijitambulishe kuwa ni GTX 1050 Ti au GTX 960, na mnunuzi hudhani ana kadi ya 2016 kumbe ana ya 2010 au 2011, isiyo na GOP na isiyopokea draiva ya jina lililobandikwa. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikizionyesha kadi za namna hiyo tangu 2018. Muuzaji asiyekubali kadi yake ifunguliwe kwa programu hiyo mbele ya mnunuzi amekwisha kujieleza.

Kuna mambo ya pwani pia ambayo mwenzetu wa Nairobi hatayakuta kwa kiasi hicho. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kadi iliyokaa kabatini Mji wa Kale au Likoni kwa misimu kadhaa huota utando kwenye meno yake ya dhahabu. Meno hayo yapanguswe kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, yakauke, ndipo kadi ichomekwe. Wengi wetu hutumia ufutio wa penseli. Utando hutoka, lakini dhahabu ile ni nyembamba mno, na kila msuguo huila. Mafuta ya kupitishia joto kati ya chipu na chuma chake nayo yawe yamebadilishwa kama kadi ina zaidi ya miaka kumi, kwani yaliyokauka hayafanyi kazi yake. Lile la kuipiga kadi hewa ya moto au kuitia jikoni ili kuifufua silikubali. Huamka kwa wiki chache ikafa tena, na wakati mwingine waliyoichoma haikuwa na ubovu wowote ila ilikosa CSM.

Kwa haya yote naomba mambo mawili. Wauzaji wa kompyuta zilizotumika waandike kwenye risiti kama bodi ina CSM, pawasaplai ni ya wati ngapi na ina waya gani wa kadi. Haya yote yanasomeka kwenye mashine yenyewe kwa dakika chache, na mnunuzi aliyekwisha kuwa na kadi nyumbani angejua mapema kama zitapatana. Na vyuo vyetu vya ufundi, ambavyo bado vinafundisha BIOS kwa maelezo ya miaka ya tisini, viweke UEFI katika masomo ya vitendo, kwa sababu wanafunzi wake ndio wanaokuja kukaa kwenye vibanda vyetu kama wanagenzi.

Kwa mafundi wenzangu, neno langu la mwisho ni zito kidogo, nalo halimhusu kila mtu. Nimewahi kuletewa kadi zilizonunuliwa hapa mjini kama mitumba ambazo wenyewe wa kwanza waliambiwa zimekufa, wakaziacha dukani bila kuuliza. Iwapo fundi aliyezitangaza kuwa zimekufa hakujua habari ya CSM, huo ni ujinga unaotibika. Iwapo alijua, huo ni wizi. Njia ya kutofautisha ni nyepesi. Kadi ikishajaribiwa katika kompyuta ya rika lake, ikiwa na umeme wa kutosha na meno safi, na bado ikakaa gizani, fundi aandike hivyo kwenye karatasi ya kazi, ataje mashine aliyoijaribia, kisha amrudishie mteja kadi yake pamoja na feni na chuma chake. Ni mali ya mteja hata ikiwa mbovu.

Wako mtiifu,
Fundi wa kompyuta,
Majengo, Mombasa